Mnunuzi wa Ukanda wa Kasisi

Basi la Wexby lilipita Jumanne na Ijumaa tu. Denzil Hobley hakuwa na habari hiyo, kwa hiyo siku ya Jumatano alisimama kituoni na kopo lake la mchango, akisubiri. Kopo lilikuwa la kusaidia punda wastaafu. Punda hao hawakuwahi kuzaliwa, lakini Waingereza humwamini punda kuliko wanavyomwamini mbunge wao, na asubuhi hiyo kopo lilikuwa limeshanona.

Alipochoka kusubiri akaanza kusoma ubao wa matangazo wa baraza la parokia, kama Waingereza wanavyoiita serikali ya kijiji, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma. Paka amepotea. Mafunzo ya kusuka vikapu yameahirishwa tena. Na katikati, nyuma ya kioo chenye ukungu, tangazo la wilaya: kibali kimetolewa, nyumba sitini na nne zijengwe katika shamba lililo nje kidogo ya kijiji. Chini yake palikuwa na ramani.

Mtu wa kawaida angeona ramani akaendelea na hamsini zake. Denzil aliikazia macho mpaka pua ikagusa kioo. Shamba lilizungushiwa mstari mwekundu, barabara ilipakwa kijivu, na kati ya mstari na barabara palibaki utepe mweupe, mwembamba kama uzi. Maana yake ni kwamba kampuni ya kujenga ilikuwa na shamba lakini haikuwa na pa kuingilia. Matofali, saruji, winchi na mafundi, vyote vingelazimika kupita juu ya utepe ule, na mwenye utepe ndiye angetaja bei.

Denzil alikuwa na miaka hamsini na tisa, na huu ulikuwa mwaka wa pili analala Leicester kwa dada yake Glenys, kwenye chumba cha stoo, kati ya kichanja cha kuanikia nguo na baiskeli ya mazoezi. Glenys alikuwa amempa mpaka Pasaka aondoke. Denzil hakutaka tena utajiri. Hamu hiyo ilishampita na ujana. Alitaka kinyumba chenye mlango wake na ufunguo wake, mahali ambapo mtu akipiga hodi anasubiri jibu. Alikitaka kwa uchungu, na ni vizuri tuseme hivyo mapema, maana tutamcheka sana baadaye.

"Umepotea?" sauti iliuliza nyuma yake.

Alikuwa Bi Maureen Ottaway, karani wa baraza kwa miaka ishirini na saba, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na pini tatu mdomoni. Alikuja kubandika ajenda ya kikao.

"Sijapotea, mama," Denzil alisema. Sauti yake ilikuwa imeshabadilika, imelainika kama siagi karibu na jiko. "Nimerudi. Hapa ndipo marehemu mama yangu alipoletwa wakati wa vita, akiwa mtoto, kukimbia mabomu ya London. Mpaka anakata roho alikuwa anataja zile nyasi za kando ya barabara. Alikuwa akikaa pale, anakula matunda ya mwituni."

Bi Ottaway akatoa pini mdomoni. "Pole sana. Alikuwa anakaa kwa nani?"

"Kwa watu wema sana."

"Hao ndio wengi hapa," Bi Ottaway alisema. "Jina lake?"

"Ivy." Denzil akashusha pumzi, ile pumzi aliyoifanyia mazoezi miaka thelathini. "Natamani kumwekea benchi pale. La mbao tu, mama. Mtu apite, apumzike, amkumbuke."

"Benchi ni jambo zito," Bi Ottaway alisema, wala hakuwa anatania. "Pale panaitwa Ukanda wa Kasisi, ni mali ya baraza. Benchi kwenye ardhi ya baraza linataka ruhusa ya kaunti, bima, ukaguzi wa kila mwaka na maoni ya umma wiki sita. La mwisho lilichukua miaka minne, na mjane aliyeliomba akafa kabla hajalikalia." Akabandika ajenda, akainyoosha. "Ingekuwa ardhi ni yako, ungeliweka hata kesho."

"Lakini baraza haliwezi kuuza," Denzil alisema kwa huzuni, akisukuma taratibu, kama mtu anayefungua mlango asitake ulie.

"Sijui," Bi Ottaway alijibu. "Hatujawahi kuombwa na mtu wa benchi."

Denzil alitembea maili tano kwenda kutafuta basi jingine, na njia nzima alikuwa akijipongeza. Kumfikisha karani wa serikali mahali akataja mwenyewe kile unachokitaka si kazi ya mwanafunzi.

Kikao kilikuwa Alhamisi iliyofuata, katika ukumbi wa kijiji. Birika kubwa la chai lilinguruma kwenye kona. Mwenyekiti alikuwa Roland Thirkettle, mfugaji wa nguruwe, mtu wa maneno machache na mikono mipana. Kasisi aliomba udhuru kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyeuliza mvua inahusiana vipi na udhuru.

Wakaanza na pipa la kinyesi cha mbwa, kama lisogezwe mita nne kuelekea kanisani au libaki lilipo. Jambo hilo lilichukua dakika hamsini na tano. Mtu mmoja alitoa machozi. Wengine wawili, waliokuwa marafiki tangu shule ya msingi, walitoka ukumbini kila mmoja kwa mlango wake. Kisha wakapitisha kwa kauli moja, kwa mwezi wa kumi na tisa mfululizo, azimio la kupinga nyumba sitini na nne. Baraza la parokia halina uwezo wa kuzuia nyumba. Uwezo lililopewa kisheria ni wa kukasirika, na la Wexby lilikuwa likiutumia wote.

"Ajenda ya tisa," mwenyekiti alisema. "Bwana Hobley na benchi."

Denzil alisimama, akamzungumzia Ivy. Alimzungumzia vizuri hata mwenyewe akaanza kumlilia, ingawa mama yake halisi aliitwa Doreen, alikuwa hai, na alikuwa hataki kumsikia.

"Benchi litakuwa la rangi gani?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Rangi ya mbao."

"Sina swali zaidi."

"Pauni hamsini, na gharama za hati juu yake," Thirkettle alisema. "Wanaokubali?"

Mikono yote ikapanda. Dakika nne, ardhi imeuzwa. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza: watu hawa waliotoana macho kwa ajili ya pipa, mbona ardhi wanaigawa kama peremende? Lakini mjanja ana ugonjwa wake. Akiona mjinga, hamchunguzi mara mbili, asije akamwamsha.

Hati ilikuwa na kurasa kumi na nne. Bi Ottaway alimsogezea pamoja na kikombe cha chai.

"Isome kwanza, Bwana Hobley."

"Mimi na wewe, mama, tunaaminiana."

"Hata hivyo, isome. Au mpe wakili akusomee. Hatuna haraka."

Denzil alikuwa ameandika hati nyingi za uongo maishani mwake. Kusoma ya kweli hakukuzoea. Na mawakili aliwakwepa kama mwizi anavyokwepa kituo cha polisi, kwa sababu hizo hizo. Akasaini.

"Basi naomba uandike hapa chini, kwa mkono wako, kwamba nimekushauri uisome ukakataa," Bi Ottaway alisema.

Aliandika, tena kwa mwandiko mzuri. Alidhani ni adabu za shamba.

Baada ya wiki sita, jina lake likiwa limeshaingia kwenye daftari la ardhi, alikutana na mtu wa kampuni ya nyumba katika baa ya kijiji. Alikuwa kijana anayeitwa Callum Prewett, mwenye buti za kazi zisizo na tone la tope. Denzil aliweka nakala ya ramani mezani, akaweka kidole kwenye uzi mweupe.

"Nani kakuuzia?" Prewett aliuliza.

"Baraza."

"Baraza?" Kijana akasukuma sahani yake ya chipsi. "Mzee, nimewafuata mara tatu. Mara ya tatu walinifungia mlango, wakaendelea kunisomea azimio kupitia dirishani."

"Inategemea mtu anaongeaje na watu," Denzil alisema kwa upole. "Laki mbili na elfu kumi."

"Huo ni unyang'anyi."

"Ni barabara, mwanangu. Au jengeni nyumba zenu, wenye nyumba wawe wanaruka."

Prewett alitoka nje kupiga simu. Aliporudi, alikuwa amekubali kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu. Jioni ile Denzil alimpigia Glenys na kumwambia anaweza kuchukua chumba chake. Akasema kwa sauti yake halisi, isiyo na siagi, kwamba amepata nyumba, kule Cromer, inayotazama bahari kwa upande wa jikoni. Glenys akasema, "Mungu akusaidie iwe kweli, Denzil." Akakata simu. Yeye akabaki ameshika simu, akijikuta anafuta macho, na safari hii hapakuwa na wa kumtazama.

Siku tatu baadaye simu ya wakili wa kampuni iliingia. Alikuwa mtu mpole.

"Kuna kitu kidogo kwenye hati yako, Bwana Hobley. Ukurasa wa kumi na moja."

Denzil alirudi Wexby Ijumaa, siku ya basi. Ofisi ya baraza ilikuwa meza moja nyuma ya ukumbi, ubavuni mwa meza ya ping-pong. Bi Ottaway alikuwa anapiga muhuri.

"Paa," Denzil alisema.

"La kanisa, upande wa madhabahu, ndiyo," Bi Ottaway alisema. "Keti. Ule ukanda ulikuwa wa kasisi, zamani za mfalme mmoja ambaye hapa hatumwombei mema. Anayeumiliki ndiye anayetengeneza paa la madhabahu ya kanisa letu la Mtakatifu Edmund. Ndiyo sheria. Paa lilipoanza kuoza, ukanda ulikuwa wa baraza, maana yake sisi wote, nyumba kwa nyumba. Watu mia tatu, wengi wastaafu. Kasisi anahubiri na ndoo ya kukingia mvua."

"Kiasi gani?"

"Laki mbili na elfu nane. Na mia tatu."

Denzil alikaa. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, haikuomba ruhusa. Kampuni isingelipa hata senti mpaka paa lilipiwe. Akikataa kuuza, paa ni lake vilevile, na kaunti nzima ingemjua kwa jina.

"Mngewauzia wenyewe kampuni," alisema. "Mngewalipisha wenyewe, mkaezeka."

Bi Ottaway alionekana kuumia. "Bwana Hobley, sisi tumeapa mbele ya watu kuzipinga zile nyumba. Tungechukuaje pesa zao? Watu wangetupopoa mayai. Na kumbana mtu koo kwa ajili ya uchochoro, hiyo si tabia ya baraza." Akapiga muhuri mwingine. "Tulihitaji mtu wa kuubeba ukanda na deni lake. Tulisubiri miaka sita, wakaja wawili kabla yako. Wa kwanza alisoma hati. Wa pili alikuwa mwaminifu, tukamwonea huruma, tukamwambia arudi kwao."

"Mimi mlinijua lini?"

"Uliposema mama yako aliletwa hapa kukimbia vita. Wexby haikuletewa watoto. Jeshi liliwaondoa watu wote, likapachukua kufanyia mazoezi ya mizinga. Mwaka ule hapa palikuwa na askari na ng'ombe mmoja mkaidi."

Denzil alicheka. Hakutaka, lakini kazi nzuri ni kazi nzuri, na miaka thelathini ya ufundi ilimlazimisha kuvua kofia. Kisha kicheko kikakatika, akawaza Pasaka. Watu wa mjini wana neno lao: mtu akilaghaiwa husemwa ameingizwa mjini. Denzil alikuwa ameingizwa mjini, na mji wenyewe ulikuwa na duka moja, nalo hufungwa saa saba.

"Nimemwambia dada yangu nimepata nyumba," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na haikuwa mbinu.

Bi Ottaway akaweka muhuri chini.

"Katika zile sitini na nne," alisema, "kumi na sita ni za kodi nafuu, za watu wenye uhusiano na parokia. Aliyezaliwa hapa, au aliyefanya kazi hapa miaka mitatu. Baraza lina nafasi ya mtunza kijiji. Kusafisha mitaro, kufyeka makaburini, kupaka rangi vyuma vya pembeni mwa kivuko. Saa ishirini kwa wiki. Nyuma ya banda la uwanja wa kriketi kuna chumba chenye jiko, cha mtu peke yake. Hakuna aliyeomba tangu Septemba."

"Kazi," Denzil alisema, kama mtu anayeonja dawa. Hakuwahi kufanya kazi halali hata siku moja. Aliwahi kukaribia, mwaka wa themanini na nne, akaumwa. Alitazama mikono yake. Akamfikiria Glenys akishika simu, akisema Mungu akusaidie. "Miaka mitatu, halafu moja ya zile kumi na sita ni yangu? Na ufunguo?"

"Utakuwa wa kwanza kwenye orodha. Naandika mwenyewe."

Akasaini kazi, akasaini mauzo ya ukanda, akasaini malipo ya paa. Bi Ottaway akapiga muhuri mara tatu, akampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto, na Denzil, ambaye alikuwa amepeana mikono na nusu ya Uingereza akiwaibia, hakuharakisha kuuachia.

"Sasa niambie ukweli, mama. Zitakwisha lini?"

"Nini?"

"Nyumba."

"Hilo siwezi kusema," Bi Ottaway alisema, akirudisha kalamu mahali pake. "Wewe sasa ni mtumishi wa baraza, Bwana Hobley, na baraza linazipinga. Kesho asubuhi tunaandamana kuzuia magari yasiingie. Kwa kuwa wewe ndiye mrefu kuliko wote, utabeba bango."