Mwenye Nyumba Adaiwa na Mpangaji

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimekuwa mwenye nyumba. Mimi, Adinani, ambaye shemeji yangu Nasri alisema sitamiliki hata banda la kuku! Nyumba ya vyumba viwili, Kanyenye, karibu na barabara. Dalali alisema wanunuzi wengine wako njiani, wanakimbia. Nikakimbia zaidi. Nasri ana vyumba vya kupangisha vyenye vigae, basi anajiona profesa. Alinishauri nikague choo, niulizie maji, nisome hati. Nilikagua mlango. Ni wa bluu, mzuri sana.

Nusu ya fedha imetoka kwenye mauzo ya asali yangu. Nusu ni mkopo wa kausha damu, ule wa rejesho kila Alhamisi. Dhamana: cherehani ya mke wangu, Mwamvita. Anashona sare za shule, na ndizo zinazotulisha. Amekubali shingo upande. Nimemwambia kodi italipa kila kitu.

Jumanne, 2 Septemba

Mpangaji tayari! Raymundi, fundi viatu, Mgogo wa Dodoma. Nasri akasema nidai kodi ya miezi sita kabla ya kutoa ufunguo. Ushamba huo. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, watani tangu enzi za misafara. Mtu na mtani wake wanaandikishana nini? Nikampa ufunguo. Akasema kodi kesho. Akanibebesha godoro lake na gunia la uwele hadi ndani, eti Mnyamwezi hakuzaliwa atembee mikono mitupu. Majirani walicheka sana. Nami nilicheka, kidogo.

Jumatano, 3 Septemba

Nimefuata kodi. Raymundi kanikaribisha uji, kasema amepiga hesabu. Babu zangu walipopita Ugogo na pembe za ndovu kwenda pwani, walitakiwa kuwalipa babu zake ushuru wa njia na maji. Wengine walipita kimyakimya. Deni lipo. Basi atakaa bure mpaka liishe, na hata hapo nitabaki nadaiwa.

Majirani wakapiga makofi. Bi Ummy wa nyumba ya pili, Mnyamwezi mwenzangu kabisa, akasema hoja ina uzito. Msaliti! Na mtani hakasirikiwi, hiyo ni mila. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kesho ni siku ya rejesho na mfukoni sina kitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekasirika. Asubuhi nimeng'oa ule mlango wa bluu na kumwita Raymundi mwizi, mbele ya watu, bila utani. Majirani wakaenda kuita wazee. Nikajua nimeharibu. Wazee wa mtaa wamenitoza faini ya jogoo kwa kumkasirikia mtani. Raymundi ndiye aliyemla. Mlango nimeurudisha mwenyewe, huku watoto wakinishikia misumari.

Saa nane wakaja watu wa mkopo na kirikuu, kigari chao cha mizigo. Wamebeba cherehani. Mwamvita hakulia. Alibaki amesimama na sketi ya mtoto wa watu mkononi, imeshonwa upande mmoja. Niliona aibu, nasema kweli. Sikujua pa kuweka macho. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda Kanyenye peke yake.

Mwamvita ni Mmanyema. Hana utani na Wagogo. Bi Ummy kanisimulia yote. Mke wangu alisalimia vizuri, akakataa kiti, akasema kwa sauti ya chini:

"Kaka yangu, mtani wako yuko nyumbani. Mimi nimefuata kodi."

Raymundi akatoa ya miezi sita, papo hapo! Alikuwa nayo tangu Jumanne. Akasema alikuwa anangoja mtani wake amjibu utani, badala yake akang'olewa mlango.

Jumamosi, 6 Septemba

Cherehani imerudi, inalia tangu alfajiri. Mwamvita amelipa mkopo wote, kodi ile pamoja na akiba yake ya kikoba. Kwa sharti moja: nyumba iandikwe jina lake. Nimesaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nasri alikuwa shahidi, akatia sahihi taratibu sana, mbwa yule. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi. Kosa lilikuwa kuchukua Mgogo.

Jioni dalali kapiga simu. Kuna nyumba Kaliua, hatua chache kutoka stesheni. Wanunuzi wako njiani. Mpangaji yumo tayari, Mzaramo, muuza dagaa. Najua, Wazaramo nao ni watani zetu. Lakini huyu nimeongea naye kwenye simu, ana sauti ya kulipa. Nasri atakoma mwaka huu! Nimemwambia dalali asimpe mtu mwingine, kesho napanda treni. Akauliza safari hii nitakopa kwa dhamana gani. Swali gani hilo? Mke wangu ana nyumba Kanyenye.