Usiiwashe, Mama

Jamani, hii nikiwasimulia mtasema nimeitunga nikiwa nasubiri maji ya kuoga yachemke. Sawa, semeni. Lakini kuna mtu hapa mjini alinunua gari baada ya kuikagua mwenyewe, akataja magonjwa yake yote kwa sauti, mbele ya mashahidi, akailipia kwa furaha, kisha akashangaa kukuta ni mgonjwa. Tulia, usisogeze kidole, naanza.

Mtu huyo anaitwa Teleza. Mama yake alimpa jina lingine, ila hilo lilishindwa kumfuata mjini. Teleza ana koti jeupe, tochi na kisumaku, na kazi yake ni ukaguzi wa magari kuukuu. Ukitaka kununua kigari cha bei nafuu, kile ambacho kimeshapita mikononi mwa watu mpaka usukani umelainika, unamwita Teleza. Anazunguka, anabonyeza bampa, ananusa oili, halafu anatoa hukumu. Hukumu yenyewe inategemea nani kamwona pembeni mapema. Muuzaji akimwona, gari ni malaika. Asipomwona, gari ni maiti. Gari yenyewe haihusiki sana katika ukaguzi. Teleza anayajua majina ya magonjwa yote ya magari, kama mtu anavyoweza kujua majina ya dawa kwa kusoma maboksi.

Sasa, Teleza alikuwa na shida ya moyo. Alikuwa anampenda msusi mmoja, mwanamke wa maneno machache na vidole vya haraka, na msusi naye, kwa sababu ambazo hata mashoga zake hawazielewi, alikuwa anampenda yeye. Kikwazo kilikuwa baba mtu. Mzee yule alipeleka barua za posta maisha yake yote, akastaafu bila hata baiskeli, na kila jioni alikaa kibarazani kula vumbi la magari ya majirani. Siku Teleza alipoongea naye kwenye simu kwa mara ya kwanza, ulimi ulimponyoka, akasema Jumapili anakuja kujitambulisha, na anakuja na gari yake. Hakuna aliyemuuliza habari za gari. Ni ulimi tu, umezoea kazi.

Msusi akamwita saluni, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akaongea naye taratibu huku anachana wigi.

"Wewe ni wa tatu. Wawili waliokutangulia nao walisema wana magari, wakaja na viatu vimejaa vumbi. Baba kaapa, wa tatu akija kwa miguu asikanyage tena pale. Na mimi, mpenzi, nimechoka kukutetea."

"Gari ipo."

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

Akatoka saluni kwa miguu, jambo ambalo siku hiyo lilimuuma kuliko kawaida, akakatiza mtaa wa nyuma ili apate kufikiri. Ndipo alipoona kwenye geti moja jeusi kipande cha boksi kimefungwa kwa waya: GARI INAUZWA. YA MAREHEMU. SIJUI BEI.

Kwangu mimi na wewe hayo ni maneno tu. Kwa mjanja, "sijui bei" ni harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani. Miguu inakwenda yenyewe.

Aliyemfungulia alikuwa mama wa makamo, amejitanda mtandio mweusi, macho mekundu, leso mkononi. Teleza akatoa pole ndefu, akajitambulisha kuwa ni mkaguzi wa magari, alikuwa anapita tu, tangazo likamgusa, maana mji huu, mama yangu, umejaa matapeli, na mjane mwenye gari ni kifaranga mbele ya mwewe. Yeye atamkagulia bure. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kweli Mungu hamtupi mja wake.

Gari ilikuwa uani, chini ya turubai. Turubai lilipovutwa, Teleza alisahau kupumua. Ilikuwa gari ndogo ya zamani, rangi ya maziwa, inang'aa kama sahani ya wageni. Viti vimevikwa vitambaa vya kufuma. Juu ya dashibodi kuna boksi la tishu, nalo limefumiwa nguo yake. Mkwaruzo hakuna, hata wa kucha. Pale pale moyo wa Teleza ukakata shauri: hii imeendeshwa na mzee mtaratibu, sokoni na kurudi, halafu inafunikwa. Hii ni lulu. Kazi iliyobaki ni kumfanya mwenye lulu aamini ni kokoto.

Basi akavaa koti jeupe.

Akabonyeza bampa, gari ikadunda, akafumba macho kama daktari aliyeshika mapigo ya mwisho. Akasema shokapu zimekwisha. Hakuzitazama. Akamulika tochi chini ya injini huku macho yake yako kwenye vile vitambaa vya viti, akasema rejeta inavuja. Akafungua kifuniko cha oili, akanusa hewa, akakirudisha bila kuangalia ndani, akatangaza kwamba gasketi imeungua, na kwamba maji na oili vimeshafunga ndoa zamani. Stata imekufa. Gia ya pili imekatika meno. Kila ugonjwa aliutaja kwa huzuni, na kila alipoutaja mama alijifuta chozi na kuuliza kama huo nao hautibiki.

"Unatibika, mama, ila kwa gharama hiyo unanunua nyingine."

"Marehemu aliipenda sana hii."

"Ndiyo maana imeamua kumfuata."

Mama akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Akasema basi angalau aiwashe, kijana aisikie kwa masikio yake.

"Usiiwashe, mama." Teleza alishamdaka mkono. Akamweleza kwamba gari ikifikia hali hii, cheche moja tu inaondoka na nyumba. Ukweli wewe unaujua. Gari nzima ikiwashwa inaimba, na gari ikiimba bei inapanda juu ya paa. Lulu ile ilitakiwa ikae kimya mpaka ivuke geti.

Akajitolea kuiondoa uani, akaiuze vyuma, ili mama asiwe anaiona kila asubuhi na kuumia. Mama akakubali, ila akawa na ombi moja. Yeye ni mjane, na mjane hakosi wa kumsema. Hataki kesho watu waseme alimficha mtu ubovu. Kwa hiyo aliomba awaite majirani, kijana awaambie wao alivyomwambia yeye.

Wakaja wawili, fundi cherehani wa nyumba ya pili na muuza duka wa ng'ambo ya barabara. Mjanja ukimpa watazamaji hana breki. Teleza akarudia magonjwa yote, kisha akaongeza breki za nyuma na nyaya za taa, kwa ukarimu tu. Muuza duka akamuuliza kama ana uhakika. Teleza akaapa kwa koti lake jeupe. Fundi cherehani akamuuliza kwa upole kama, pamoja na hayo yote, bado anaitaka.

"Naichukua kwa huruma," Teleza akasema.

Akataja bei ya vyuma chakavu. Mama akatoa machozi, mawili tu, moja kila upande, akauliza picha ya marehemu kule sebuleni ataiangaliaje kwa bei hiyo. Teleza akapandisha kidogo. Mama akaegemea boneti, akaisemesha gari, akaiomba msamaha. Teleza akapandisha tena, maana kwa lulu hata hapo ilikuwa bure. Alipokuja kushtuka ametoa chote alichokuwa nacho, pamoja na hela ya kukodi suti. Wakapeana mikono. Majirani wakamsaidia kuisukuma mpaka nje, wakazunguka nayo kona, na walisukuma kwa bidii ambayo mtu mwingine angeitilia shaka.

Nyuma ya kona, Teleza akajipanga kwenye usukani, akapapasa kitambaa cha kiti, akazungusha ufunguo.

Kta.

Akazungusha tena. Kta. Kama mtu mzima anayesonya kwa dharau.

Akamwita fundi wa gereji ya jirani, jamaa mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko na haraka ya kwenda kula. Fundi alifungua kile kifuniko cha oili, naye akaangalia ndani. Kulikuwa na kitu kama chai ya maziwa iliyolala. Stata haikujibu. Rejeta ilikuwa imezibwa kwa sabuni. Teleza akauliza habari za shokapu.

"Shokapu zipi?" fundi akasema, na akauliza kama gari hii ilikaguliwa na mtu kabla ya kununuliwa.

Teleza akasema ndiyo, ilikaguliwa, akamtajia yote yaliyosemwa. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Huyo mkaguzi usimwachie. Kila alichokitaja kipo. Wa hivyo wamebaki wachache."

Teleza alirudi kwenye lile geti akikimbia. Boksi la tangazo limeshaondolewa. Mtandio mweusi umeanikwa kambani, na mama amekaa kwenye kigoda anakula karanga na majirani wale wale. Kabla Teleza hajafungua mdomo, mlango wa bafu ukafunguka, marehemu akatoka, taulo begani, akauliza kama chai iko tayari.

"Huyu ndiye yule mkaguzi," mama akamwambia.

Marehemu akampa Teleza mkono kwa heshima. Akasema gari ile ameiendesha mpaka ikamfia barabarani, lakini ile habari ya breki za nyuma hata yeye hakuwa anaijua.

Teleza akawaka. Ameuziwa mzoga, ataita askari, hawamjui yeye ni nani. Muuza duka akamkumbusha kiapo cha koti. Fundi cherehani akasema yeye yuko tayari kwenda kutoa ushahidi, nauli atajilipia. Mama akamsogezea kigoda.

"Kaa, mwanangu. Mimi ufunguo nilikupa, wewe ndiye uliyenishika mkono. Mtu mwaminifu akija hapa, neno lake la kwanza ni 'mama, washa tuisikie.' Huyo namwambia ukweli, anakunywa maji, tunaagana vizuri. Mimi nilikuwa namngoja yule atakayeniambia nisiiwashe."

Teleza akakaa kwenye kigoda. Wakampa karanga. Akazipokea.

Jumapili ikafika kama inavyofika siku zote, bila kuuliza nani amejiandaa. Nyumba ya mzee wa posta iko chini ya mteremko mrefu, na Jumamosi nzima Teleza alikuwa akiutazama ule mteremko kama mtu anayesoma mtihani. Gari yake haikuwa na injini ya maana, lakini ilikuwa na usukani, ilikuwa na breki za mbele, na ilikuwa na uzito. Akawapa wabeba mizigo wawili saa yake ya mkononi, wakaisukuma mpaka kileleni. Akaipangusa vioo. Akawapa ishara.

Jamani, ilishuka kama malkia. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilipita mbele ya vibaraza vyote vya majirani, rangi ya maziwa inameremeta, Teleza kiwiko dirishani, shingo imenyooka. Ikasimama mbele ya geti la mzee, sawasawa kabisa. Mzee alikuwa ameshasimama bila kujua kwamba amesimama. Akaizunguka. Akainama, akaweka sikio kwenye boneti.

"Mbona haina mlio?"

Hapo ndipo Teleza angeweza kusema kweli. Msusi alikuwa mlangoni anamtazama usoni, na alikuwa ameshawaona wale wabeba mizigo wawili kule kileleni wakipunga mikono. Teleza alifungua mdomo aseme kweli, naapa. Ulimi ukawahi.

"Ni ya umeme, baba."

"Na hili bomba la moshi?"

"Hilo waliliacha kwa heshima ya zile za zamani."

Mzee akacheka kwa raha mpaka akashika mbavu. Akawaita majirani waliomlisha vumbi miaka yote, mmoja mmoja, nao wakaja na watoto wao wakajipanga ukutani. Mbele yao wote akamshika Teleza bega, akamwita mwanangu, akasema binti ni wake. Kisha akafungua mlango wa mbele wa abiria, akaketi, akavuta mkanda akajifunga. Akaeleza kwamba kila kona ya mji huu ameifikia kwa miguu akiwa na barua za watu begani, na leo anataka azipite kona hizo zote amekaa.

Mbele ya gari barabara ilikuwa tambarare. Nyuma yake, mlima.

Teleza akarudi kwenye usukani. Msusi akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango taratibu, akainama mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la Teleza.

"Ukimwambia kweli sasa hivi, nashuka na wewe," akanong'ona. "Ukidanganya tena, nashuka peke yangu."

Mzee alikuwa anawapungia majirani mkono dirishani, machozi yanamlengalenga. Akageuka.

"Haya mwanangu, twende."

Sasa niambie, ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti, mzee kafurahi vile na msusi anakupumulia shingoni, ungefanya nini?