Gurudumu la Mbele la Delbert

Jumatatu, 5 Mei
Imebaki nafasi moja! Safari ya baiskeli kutoka Atlantiki hadi Pasifiki, kuchangia nyumba za watu wasio na uwezo, na njiani tunashika nyundo kujenga. Wagombea ni wawili: mimi na Wendell Pruitt, tarishi mstaafu, miaka sitini na minane. Bi. Loretta, kiongozi wetu, anataka maili mia tano za mazoezi kwenye kihesabu maili cha baiskeli kufikia Ijumaa. Wendell anazo mia sita. Mimi ninazo thelathini na moja.

Balaa ni kwamba kanisani wameshabandika picha yangu ukutani: "Mpanda Baiskeli Wetu." Niliwaambia mwenyewe, mwezi wa pili. Pembeni wameacha pengo la picha ya mwisho, ile ya kuchovya gurudumu la mbele kwenye Pasifiki, desturi ya wanaomaliza safari. Nikikosa, sijui nitaingia kanisani kwa uso gani.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata! Kihesabu kinahesabu mizunguko ya gurudumu la mbele tu. Hakijui kama kuna mtu juu. Nimeiweka baiskeli gereji, gurudumu la mbele juu ya mkanda unaozunguka wa mashine ya kukimbilia ya mke wangu, Marlys, nyuma nikaifunga kwa kamba kwenye friji. Maili kumi kwa saa! Mimi nimekaa nakula bisi. Marlys akauliza, yeye sasa atakimbilia wapi? Nikamwambia nje kuna barabara. Akasema hata hiyo baiskeli ingefurahi kusikia habari hizo.

Alhamisi, 8 Mei
Leo siku ya kujenga nyumba ya Renata, dereva wa basi la shule, mama wa watoto watatu. Wagombea lazima wafike. Sasa nani abaki na mashine? Nikampigia Bi. Loretta kwamba goti limevimba. Mchana Wendell huyo mlangoni, na bakuli la makaroni na jibini kutoka kwa Renata. Eti pole ndugu yangu, goti lipi? Nikashika la kushoto. Alipoondoka ndipo nikakumbuka nilifungua mlango nikichechemea la kulia. Gereji inanuka mpira ulioungua. Maili 388. Makaroni matamu kweli. Roho ilinisuta kidogo, nikaongeza sahani.

Ijumaa, 9 Mei
Maili 512! Bi. Loretta hata hakukitazama kihesabu. Alichuchumaa. Tairi la mbele kipara, nyuzi zinachungulia. La nyuma bado lina vile vinywele vya mpira linavyotoka navyo dukani. Akavipapasa kwa kidole, taratibu. Akauliza, Bwana Delbert, maili zote hizo umepanda kwa gurudumu moja? Nikasema mimi huendesha nikiegemea mbele. Lo! Wapandaji wa kikundi, watu kumi na wawili, walicheka mpaka wakashikana mabega. Wendell hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nafasi kapewa yeye.

Jumapili, 11 Mei
Picha yangu wameibandua. Pamewekwa ya Wendell. Pengo la pembeni bado lipo. Nilikaa benchi la mwisho, aibu imenijaa mpaka masikioni. Marlys akaninong'oneza kwamba njia ya mwongo fupi. Nikakubali, kwa moyo wote.

Baada ya ibada Wendell akanifuata. Gari la mizigo la msafara halina dereva, na yeye amemsihi Bi. Loretta nipewe mimi, maana eti kichwa kama changu kikikaa bure ni hatari. Nikamkumbatia. Machozi yalinitoka, si utani. Nimekoma! Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Ila nimeuliza: gari la mizigo hutangulia kila kituo, wapandaji hufika baadaye. Hata Pasifiki. Nimepima nyuma ya gari, baiskeli moja inaingia vizuri ukiilaza. Kamera ninayo. Nimeshaagiza tairi la mbele.

La nyuma bado jipya.