Pomboo wa Kitambaa cha Katibu

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kuna kampuni imeomba kibali cha kuwinda pomboo na nyangumi wadogo katika ghuba yetu. Baraza la mji linaamua Ijumaa. Siku hiyohiyo wananchi wataandamana kupinga. Vizuri. Nikasoma hadi chini. Mwenyekiti wa maandamano: Kinyozi.

Nimerudi karakana nikakaa. Fundi sofa mtaani ni mimi. Mwenye viti ni mimi. Mwenyekiti anakuwaje yeye?

Mke wangu anasema uchaguzi ulifanyika, nikaambiwa, nikalala.

Nimepata wazo. Mwenyekiti atembee mbele, sawa. Ila mbele ya mwenyekiti atatembea pomboo mkubwa wa sponji na kitambaa, na ndani ya pomboo, mimi. Nani atamtazama Kinyozi?

Tatizo moja tu. Pomboo sijawahi kumwona vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu wa sayansi, mama mpole aliyeanzisha habari yote hii ya kuandamana. Nikajifanya naulizia kwa niaba ya mpwa wangu. Samaki huyu magamba yake yana ukubwa gani? Akasema hana magamba. Tena si samaki. Ananyonyesha. Anapumua hewa kama mimi na yeye, kwa tundu la utosini. Akinaswa wavuni asiweze kupanda juu, anakufa kwa kukosa pumzi majini alimozaliwa.

Nilikusudia kukaa kidogo. Nimekaa mpaka kengele ya mapumziko. Kumbe hulala nusu ya ubongo, nusu nyingine inakesha ili asisahau kupumua. Nimemsimulia mke wangu. Akasema anamjua mtu mwenye tabia hiyo, ila nusu ya huyo iliyolala haijawahi kuamka.

Rangi inayotakiwa ni kijivu. Kitambaa cha kijivu sina. Anacho Katibu wa baraza, aliyeniletea sofa yake niivishe upya. Kijivu chenye vimistari vyeupe, amekichagua mwenyewe. Kimekaa tu kwenye rafu. Nitaazima. Jumamosi nitafumua, nitapiga pasi, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Jumatano, 6 Machi

Pomboo amekamilika. Nikamwita mke wangu atoe maoni. Akasema kiatu. Nikamwomba aangalie vizuri. Akazunguka upande wa pili, akasema kiatu cha kushoto. Nimeongeza pezi la mgongoni. Sijamuuliza tena.

Tundu la utosini nimeliweka, kwa heshima ya Mwalimu na kwa sababu ndani ni tanuri. Njia naiona kupitia mdomoni, na mdomo unaelekea chini. Nitafuata viatu vya wenzangu.

Alhamisi, 7 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kunyolewa kwa Kinyozi ili nichungulie maandalizi yake. Akaniuliza mbona nina sponji masikioni. Nikasema kazi ni kazi.

Katikati ya sharubu akasimamisha wembe. Akaniambia kila pomboo ana mluzi wake, ndio kama jina, na wenzake humwita kwa mluzi huo. "Ndugu yangu," akasema, "ukimwua mmoja, kuna mwenzake atabaki anaita."

Nikasahau upelelezi. Nikauliza mtoto anaujuaje mluzi wake: anapewa na mama au anautunga mwenyewe? Akasema kuna wasemao anautunga, naye hilo linamnyima usingizi. Tukabaki tunawaza wote wawili, wembe ukiwa mezani. Inaudhi adui akiwa na maneno mazuri. Nimetoka na sharubu upande mmoja. Hakuna aliyekumbuka upande wa pili.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haraka, maana mjini kila mtu anasimulia lake.

Tulianza vyema. Watu wengi, mabango, Kinyozi na kipaza sauti. Mimi mbele. Nikafuata jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, nikijua ni vya mtu mzima na wa maana. Vilikuwa hivyo kweli. Vikapanda ngazi, nikapanda. Vikapita mlango, nikasukuma nikapita. Kelele za maandamano zikawa mbali. Nikasikia feni.

Nilikuwa ndani ya ukumbi wa baraza. Viatu vile vilikuwa vya Katibu.

Nikajaribu kugeuka, nikakwama kati ya meza mbili. Nikasikia viti vya wajumbe vikigeuka. Katibu akanipapasa mgongoni, nikasikia anavyokitambua kitambaa. Akaita mlinzi. Ndipo mjumbe mmoja, bibi mzee, akasema mlinzi angoje kwanza. Akauliza, "Wewe samaki, hilo tundu kichwani ni la nini?"

"Shikamoo, bibi," nikajibu kutoka ndani. "Mimi si samaki."

"Marahaba. Basi u nini?"

Nikamweleza. Pumzi, maziwa, kulala nusunusu, mluzi. Nikamwambia kuhusu anayebaki anaita. Sikuwa nimepanga. Mjumbe mwingine akauliza wavu unawaua vipi, nikaeleza, na kwa kuwa nami nilikuwa nimebanwa na hewa imeniishia, nadhani nilieleza kwa sauti inayofaa. Hakuna aliyecheka. Bibi akataka Mwalimu aitwe amalizie. Mwalimu akaja akamaliza, huku mlinzi na mhudumu wa chai wakinivuta mkia.

Wamepiga kura. Kibali kimekataliwa, kwa tofauti ya kura chache, lakini kimekataliwa. Nje watu walimbeba Kinyozi juujuu. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma, nachomolewa.

Jumamosi, 9 Machi

Picha gazetini. Kinyozi mbele, mdomo wazi, mzuri kupita kiasi. Nyuma yake ni mimi, kumbe sikuwa mbele; maandishi yanasema, "mwandamanaji aliyevaa kama kiazi".

Katibu amekuja karakana. Nilitegemea askari. Akashika kitambaa chake, akahesabu matundu ya sindano kwa macho. Akasema sofa itavishwa kitambaa kipya, kwa gharama yangu. Akafika mlangoni, akarudi. Akauliza kwa sauti ya chini: mtoto wa pomboo ananyonyaje bila kumeza bahari? Nikasema sijui. Tukasimama pale tukiwa wajinga wawili, mpaka mke wangu akatukuta.

Mke wangu ameniapisha nisiguse tena kitambaa cha mteja. Nimeapa. Kwa moyo mmoja.

Jumapili, 10 Machi

Mwalimu anasema kampuni imehamishia maombi yake mji wa jirani. Nasi tutaandamana huko, na safari hii nyangumi wadogo ndio watakaotangulizwa. Wapo weusi tii, anasema, ngozi laini isiyo na hata unywele. Mwenyekiti ni yuleyule.

Mchana daktari wa meno ameniletea viti vya gari lake, pamoja na ngozi ya kuvivisha. Nyeusi. Inang'aa kama imetoka majini sasa hivi.

Nimemuuliza, kwa adabu kabisa, kama ana haraka.