Mchezo wa Yule Binti Ufungwe Kabla ya Jumamosi

Kwa Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Maigizo,

Salamu nyingi, pole na kazi. Mimi ni mshereheshaji. Mtaa mzima unaniita Spika, na harusi nisiyoishika mimi huwa ni kikao tu. Juzi shemeji yangu alinileta kwenu kwa ujanja, akidai kuna vipaji vya kuangalia. Kumbe ni mchezo wa binti mwenye usonji, na sisi watazamaji ndio mmetutia ndani ya kichwa chake! Nina malalamiko, nayaandika kwa heshima zote.

1. Kelele. Mlangoni mlinigawia vya kuzibia masikio, nikavikataa. Mimi, Spika! Basi taa zenu zikalia mpaka meno yakaniuma, feni ikakwaruza, mtu akatafuna karanga kwenye kipaza sauti, mashangazi wakaongea wote kwa pamoja. Nikaziba masikio kwa mikono mbele za watu. Aibu iliyoje!

2. Akatokea Baba Mdogo mmoja, koti jekundu la kumetameta, kicheko kimemtangulia mlangoni. Sisemi ni mimi. Nasema tu koti kama lile mjini hapa lipo moja, nalo limetundikwa kwangu. Akanijia mpaka kitini, akataka nimwamkie. Nikampa shikamoo, mimi mwenye mvi, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Akasema hajasikia. Nikarudia. Hajasikia! Tena nimtazame machoni. Mwishowe sauti ikanikauka, na ukumbi mzima ukanitazama kana kwamba sikulelewa. Hivi mtu hufanyiwa hivyo kweli? Nani kawafundisha kwamba salamu hukamuliwa kama chungwa?

3. Makofi. Mwishoni tukaambiwa tupunge viganja hewani, eti binti asishtuke. Mimi nimelishwa na makofi tangu ujana wangu. Mtindo huu ukienea nitakula wapi?

4. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Jumamosi binti mkubwa wa kaka yangu anaolewa. Mdogo wake ana usonji kama huyo wenu, na ukoo ulishakubaliana vizuri kabisa, yeye mwenyewe akiwa hayupo, kwamba abaki nyumbani na jirani, asije akaziba masikio kwenye picha. Tulisema ni kwa faida yake. Tangu mchezo wenu, shemeji, mama yao, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Anataka spika zisogezwe, salamu zipunguzwe, na binti akae meza ya mbele. Bibi harusi naye kaapa kwamba bila mdogo wake hatoki chumbani. Sasa nimsherehekee nani, kiti?

Kwa hiyo naomba mfunge mchezo huo mara moja. Mkishindwa, yule Baba Mdogo mgeuzeni awe mjomba. Upande wa mama wana uvumilivu. Na kwa ajili ya haki, tungeni mchezo mwingine wa upande wa baba mdogo, watu wakae ndani ya kichwa changu, waone kulivyo na kazi humo.

Nisalimie fundi taa, mkata tiketi na mfagiaji. Yule kijana wa koti mwambie bado sijamsamehe.

Wako ninayesikika hata bila umeme,

Spika

N.B. Tuazimeni vile vya kuzibia masikio, jozi mbili. Vya kwanza ni vya binti yetu, Jumamosi, meza ya mbele. Vya pili ni vile nilivyovikataa. Halafu mleteni mtu awafundishe wageni kupunga viganja. Jana nilijaribu na ukoo pale sebuleni, wanapunga kama wanaofukuza nzi. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Leo asubuhi kaniamkia mara moja tu, kwa ile sauti yake ya chini, macho kwenye kitasa cha mlango. Nimemsikia vizuri, nikaitika.