Simu ya Jeshi na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Leo nimeumbuka, wenzangu. Niacheni nisimulie nikiwa nimelala kifudifudi, maana kukaa siwezi.

Mnajua tangu vita vya Wadachi (hawa Wajerumani) na Waingereza vianze, jeshi la Wadachi limevuta waya kutoka kambi yao ya njia ya Dodoma mpaka hapa Mvumi, kwa akida, mtawala wetu waliyemweka wao. Walisema ni ili raia na wanajeshi tusaidiane: tukiona adui tuwaambie, wakihitaji chakula watuambie. Adui hatujamwona. Chakula wanahitaji kila siku. Mpokea simu ni mimi (nina Kidachi kidogo na majivuno mengi).

Asubuhi simu ikalia. Afisa akauliza baba mkwe wangu, Mzee Chibago, ana ng'ombe wangapi. Nikamwomba asubiri. Nikaulaza mkono wa simu mezani, kwa adabu kabisa, nikamwita mzee aliyekuwa barazani, hatua mbili tu kutoka mezani.

Nikamwamkia, nikamweleza. Mvua imetutupa, mtama haukutoka, na maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yanayowashikilia wajukuu zake. (Wajukuu zake ndio wanangu.)

"Mwanangu, wakiwachukua hao, tutakula nini?"

"Wapeleke korongoni, nyuma ya kilima cha mawe. Mimi nitasema wamekufa kwa ugonjwa wa sotoka."

Akauliza kama yule Mdachi hatusikii. Nikacheka. Nikamweleza, kama mwalimu, kwamba simu husikia pale tu mtu anapoishika. Tena Kiswahili cha Mdachi yule ni cha kuombea maji tu.

Nikarudi, nikashika simu, nikatangaza msiba wa ng'ombe kwa Kidachi changu chote. Kisha ikajibu sauti nyingine, Kiswahili safi cha mtu wa pwani. Kumbe afisa anaye mkalimani wake.

"Poleni na msiba. Hilo korongo liko upande gani wa kilima?"

Hawakuhitaji nijibu.

Alasiri askari walipita na ng'ombe wote, hata ndama. Mimi wakanilaza mbele ya baraza, wakanipa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano. Baba mkwe alisimama akatazama mpaka wakamaliza. Hakunigombeza. Alisema tu, polepole, "Asante kwa kunifundisha simu," akaenda zake kwenye zizi tupu.

Mke wangu amepika mlenda mtupu. Anaongea na kila mtu isipokuwa mimi.

Haya, chekeni. Ila chekeni chinichini: watoto ndio kwanza wamelala, na hawakushiba.