François Amfungisha Mbwa Waseme Mbele ya Mamamkwe

Enyi watu wa Kabambare, na ninyi wa Kasongo mnaojidai mmeona mengi, tegeni masikio! Wekeni chini majembe, zimeni pikipiki, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana nasimulia vita vya François, dume la mtaa wetu, ngao ya wenye mikia, na namna alivyolitetea tumbo la mbwa wake Waseme siku lilipofunguka kama bwawa lililobomoka.

Adui aliingia na zawadi. Mama Louise, mamamkwe wa shujaa, malkia wa Nyangwe asiyejua kunyima, alishuka na kapu la samaki wa moshi, akamtupia mbwa vichwa vyote kwa upendo. Kabla jua halijafika utosini, Waseme alikuwa amelitapikia jiko na kuuharishia uwanja, toka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo, bila kuruka mahali.

Hapo Emilienne, mke wa shujaa, akainua fagio mithili ya mkuki, akamtolea mumewe hukumu:

"Baba Glody, sikia muzuri. Kesho asubuhi nikikuta tena maji-maji kwa uwanja yangu, Ayoubu wa pikipiki atamubeba huyu mbwa mupaka Lusangi, akalinde watu wa machimbo. Nimemaliza."

François akaguna. Nyumbani humo hakuna mwingine aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho wa maneno isipokuwa mbwa yule.

Akatangaza mfungo: chakula marufuku hadi jioni, maji kidogo kidogo katika kifuniko cha sufuria, kisha wali mweupe uliolainika, pasipo mafuta wala chumvi. Nilimwona mwenyewe, maana ua wetu una tundu, akipiga magoti na kunena: "Ewe tumbo la Waseme, tulia! Usiniaibishe mbele ya wanawake!"

Lakini kwa Mama Louise mgonjwa ni mtu wa kulishwa. Alasiri akatokea na sahani ya maharagwe yanayoogelea katika mawese.

"Masikini mutoto wa watu! Wamekunyima hata tonge? Kuja kwangu, kula."

Hapa mashujaa wadogo wangekimbia. Kwetu mwanamume hampingi mamamkwe, hamtazami machoni, wala hali mbele yake. François alikuwa na jeshi zima la maneno kinywani, na hakuna hata moja lililoruhusiwa kutoka. Basi akainamisha kichwa, akamhutubia mbwa:

"Waseme, ndugu yangu, mwambie mama anisamehe. Hii chakula iko tamu, lakini tumbo yako imeharibika. Ukikula, kesho uko Lusangi."

Mama Louise naye akamjibu mbwa: "Waseme, mwambie mukwe wangu, hakuna mutu alikufa na maharagwe yangu." Akaisukuma sahani.

Mbwa, msaliti wa tumbo lake mwenyewe, akanyoosha ulimi. Ndipo François akageuza mgongo kwa heshima, akainyakua sahani, akayala maharagwe yote, akailamba hadi ikang'aa, umbali wa mkono kutoka kwa mamamkwe, jambo ambalo babu zake hawakulithubutu hata ndotoni. Kuku walisimama.

"Kumbe njala iko kwake," Mama Louise akamwambia mbwa. "Emilienne hamulishi?"

Jioni Waseme akapewa wali wa kiganja. Ukakaa. Akapewa tena. Ukakaa.

Kulipopambazuka Ayoubu alikuwa langoni na pikipiki na kamba. Emilienne akamfuata mbwa hadi migombani, fagio begani. Waseme akachuchumaa, akatazama mbali kama mbunge, akamaliza. Emilienne akainama, akachunguza, akaishusha silaha.

"Imekauka!" akatangaza. "Ayoubu, rudi kwenu."

"Imekauka kweli?" sauti dhaifu ikauliza kutoka chooni, maana shujaa alikuwa amejifungia humo tangu jogoo wa kwanza, akipigana na mawese.

"Imekauka, Baba Glody!"

Tukasikia kilio cha ushindi, kikifuatwa na sauti nyingine nisiyoweza kuiandika. Mama Louise akafika karibu na mlango wa choo, akageuka pembeni, sahani ya wali mweupe mkononi.

"Waseme," akamwambia mbwa, "mwambie bwana yako leo hakuna maharagwe."

Basi wanaoandika habari za wakubwa wa Maniema waache nafasi kwa François wa Kabambare, aliyeuokoa mkia mmoja kwa gharama ya tumbo moja. Waseme bado analala miguuni pake. Nendeni mkaone, ila pitieni upande wa barabara, msipite migombani.